Kuanzisha tawi la wauguzi wa moyo ngazi ya mkoa: tuanzie wapi?

Sista_Ziwa

Habari za kazi wadau. Tupo wauguzi 34 katika mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa: kliniki ya moyo, ICU (wagonjwa mahututi), wodi za magonjwa ya ndani, na wachache kutoka hospitali za wilaya na vituo vya afya vyenye kliniki ya presha na kisukari. Kundi la WhatsApp tunalo tayari. Tunachotaka sasa ni tawi lenye uongozi, ratiba ya mafunzo na hesabu zinazosomeka. Naomba wenye uzoefu wa kuendesha matawi mnisaidie haya:

Tujisajili wenyewe au tukae chini ya TANNA (Chama cha Wauguzi Tanzania)? Ada iwe kiasi gani na ikusanywe vipi bila kuleta ugomvi? Mafunzo yapangwe vipi ili walio zamu ya usiku na walio wilayani wasiachwe? Kampuni za dawa zimeanza kutupigia simu zikitaka kudhamini, tukubali? La mwisho, tarehe 29 Septemba ni Siku ya Moyo Duniani na tunafikiria kupima presha stendi ya mabasi. Tunahitaji watu na vifaa kiasi gani?

---

Katibu_Tawi

Sista, kaeni chini ya TANNA. Kujisajili kama jumuiya kunawezekana, lakini baada ya cheti kuna taarifa za mwaka, hesabu na kila badiliko la uongozi linalotakiwa kupelekwa kwa Msajili. Kwa watu 34 wenye zamu, kazi hiyo humwangukia mtu mmoja, na siku akihamishwa mnabaki na cheti kwenye fremu na madeni ya taarifa.

Utaratibu wake ni mfupi. Andikeni barua kwa uongozi wa TANNA wa mkoa mkiomba kutambuliwa kama kikundi cha fani, ambatanisheni orodha ya wanachama wenye leseni hai za Baraza la Uuguzi na Ukunga, nakala iende kwa Muuguzi Mkuu wa Mkoa. Barua ya pili iende kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali mtakayotumia ukumbi wake, ipitie kwa metroni. Hiyo ya pili wengi huiona ndogo wakaiacha, halafu siku ya somo la kwanza ukumbi umefungwa na mwenye ufunguo hana taarifa.

Kamati iwe ya watu 5: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mratibu wa mafunzo, mratibu wa huduma za jamii. Angalau 2 kati yao watoke nje ya hospitali kubwa, la sivyo wilaya watajiona wageni waalikwa. Kila mmoja awe na msaidizi anayefanya kazi naye tangu siku ya kwanza, kwa sababu uhamisho haupigi hodi. Muda wa uongozi uwe miaka 2, ila katibu na mweka hazina wasitoke katika mwaka uleule.

Jambo ninalolisisitiza: msimpe metroni au in-chaji wa wodi uenyekiti, hata kama ndiye mwenye uzoefu kuliko wote. Mpeni ulezi. Mkuu wa kazi akikaa mbele, kikao kinageuka ripoti ya asubuhi, na muuguzi wa mwaka wa pili kazini hatasema kwamba hajui kusoma ECG (mchoro wa umeme wa moyo). Naye ndiye ambaye tawi linamhitaji kuliko wote.

Kwenye katiba (kurasa 4 zinatosha) akidi isiwe nusu ya wanachama. Nusu ya watu wa zamu hawakutani kamwe, na maamuzi yote yatakuwa batili. Wekeni theluthi moja. Kwa 34 hiyo ni watu 12. Andikeni pia wazi kwamba masuala ya posho, madaraja na likizo yanapelekwa kwenye chama cha wafanyakazi. Yakiingia kwenye tawi yanakula kila kikao, na uongozi wa hospitali unaanza kuliogopa tawi la kitaaluma kana kwamba ni mgomo.

---

Hazina_Safi

Naongezea kwenye fedha.

Chukulia ada ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Watu 34 ni 170,000 kwa mwezi, 2,040,000 kwa mwaka. Msipange bajeti kwa namba hiyo. Pangeni kwa asilimia 60, yaani 1,224,000, na kinachozidi kiwe akiba. Bajeti iliyojengwa juu ya malipo kamili huvunjika mwezi wa tatu, kisha kamati inaanza kukopa kwa wanachama, na hapo maneno huanza.

Ada ya kila mwezi inachosha anayedai na anayedaiwa. Mikupuo miwili ya 30,000 inalipika vizuri zaidi, mradi isiangukie Januari wakati wa ada za shule. Februari na Agosti ni miezi inayopumua.

Akaunti iwe na watia saini 3, wawili kati yao watoshe kutoa fedha, na wasitoke wodi moja. Benki ikigoma kufungua kwa jina la tawi kwa kuwa hamna cheti chenu wenyewe, ombeni barua ya utambulisho ya TANNA mkoa. Wakati mnasubiri, fedha isikae kwenye simu ya mweka hazina zaidi ya saa 48 bila mtu wa pili kuliona salio na kuliandika. Namshauri hivyo kwa ajili ya usalama wa mweka hazina mwenyewe: anapougua, anapopoteza simu au anapopata msiba, anakuwa na shahidi.

Kila miezi 3 toeni ukurasa mmoja kwenye kundi: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na picha za risiti. Msisubiri mkutano mkuu.

Sasa kitu kinachoua mifuko ya matawi mengi kuliko wizi: rambirambi na michango ya harusi. Mwanachama akifiwa, ni utu wetu kumshika mkono, hakuna anayepinga. Tatizo ni kuuchota mfuko wa mafunzo kufanya hivyo. Misiba 4 ya shilingi 150,000 ni 600,000, karibu nusu ya bajeti ile ya 1,224,000. Na mara mkitoa kwa mmoja hamwezi kumnyima mwingine, wala hamwezi kuamua kama shangazi anahesabika sawa na mzazi. Fungueni mfuko wa kufaana pembeni, wenye mchango wake, kanuni zake na mtunzaji mwingine kabisa. Iandikwe kwenye katiba kwamba fedha ya mafunzo haihamishwi kwenda huko, hata kwa mkopo wa siku mbili.

---

Mkufunzi_ECG

Kuhusu mafunzo: somo moja, dakika 40, lifundishwe mara mbili ndani ya mwezi, wiki ya kwanza na wiki ya tatu. Msifundishe mada mbili tofauti. Zamu zinazunguka, kwa hiyo aliyekuwa usiku wiki ya kwanza kwa kawaida hatakuwa usiku wiki ya tatu. Mratibu achukue ratiba za zamu za wodi zote kabla ya kutangaza tarehe. Saa 8 na robo mchana hufaa: wa asubuhi hajaondoka, wa jioni ameshafika. Msimwite mtu aliyemaliza usiku aje darasani saa 2 asubuhi, atasinzia na bado ana safari ya kwenda nyumbani.

Kwa wa wilayani, sauti iliyorekodiwa pamoja na kurasa 10 za PDF zinafika kwa urahisi kuliko video. Wekeni pia mtu mmoja kila wilaya wa kusimamia sehemu ya vitendo, kwa sababu mikono haifundishwi kwa sauti.

Pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma): ulizeni kitengo cha mafunzo cha hospitali kama kinatambuliwa kutoa CPD, na ombeni somo liidhinishwe kabla halijafundishwa. Kuomba pointi baada ya somo ni kujisumbua. Daftari la mahudhurio liwe na jina, namba ya leseni, saa ya kuingia na ya kutoka. Mtu asimsainie mwenzake hata mara moja. Sahihi moja ya uongo ikigundulika, inalitia doa daftari zima.

Mada za mwaka wa kwanza zisitoke kwenye vitabu, zitoke kwenye makosa yanayoonekana wodini. Mfano wa ECG. Kosa la kawaida kuliko yote ni elektrodi (vibandiko vya kifuani) za V1 na V2 kuwekwa juu mno, kwenye nafasi ya pili au ya tatu kati ya mbavu. Karatasi inatoka nzuri, haina mtetemo, lakini wimbi la R kwenye V1 na V2 linakuwa dogo na daktari anaweza kudhani kuna jeraha la zamani la moyo. Mtu anawekwa kwenye njia ya matibabu asiyoihitaji kwa sababu ya sentimita tano.

Dawa yake ni kuhesabu kwa kidole. Tafuta kituta kwenye mfupa wa kidari, chini kidogo ya shingo. Pembeni yake kuna ubavu wa pili, na nafasi iliyo chini yake ni ya pili. Shuka hadi ya nne. V1 kulia kwa kidari, V2 kushoto. V4 nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. V3 katikati ya V2 na V4. V5 na V6 zifuate usawa wa V4, V6 ikiwa katikati ya kwapa. Usitumie chuchu kama alama, haikai mahali pamoja kwa watu wote. Kwa mwanamke, elektrodi huwekwa chini ya titi, na pazia livutwe kabla ya kuanza.

Waya za mikono zikibadilishana, lidi ya I (mmoja wa michoro kwenye karatasi) hupinduka chini na ile ya aVR husimama juu. Ukiona hivyo, rudi kwenye waya kwanza kabla ya kumwita mtu. Hakikisha pia karatasi imeandikwa 25 mm kwa sekunde na 10 mm kwa milivolti. Mashine iliyoachwa kwenye nusu ya kipimo imewahi kufanya mawimbi makubwa yaonekane ya kawaida.

Mgawanyo darasani: mashine moja kwa watu 6, kila mmoja aweke elektrodi zote mwenyewe. Anayetazama tu hatakumbuka wiki ijayo. Uwiano huohuo utumieni kwa mafunzo ya kufufua moyo: watu 6 kwa sanamu moja, migandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 bila kuzidi 6, 30 kwa pumzi 2. Watu huanza kuchoka na kugandamiza kwa kina kidogo kabla hawajajua kuwa wamechoka, kwa hiyo zoezi lifundishe kupokezana kila dakika 2.

---

Mratibu_Jamii

Niko kwenye upimaji wa jamii, naomba niseme kwa kirefu kidogo.

Kwanza, stendi si mahali pazuri. Mtu ameshika begi, anasikiliza basi lake likiitwa, amebana mkojo, jua linamchoma. Kila kimoja kati ya hivyo kinapandisha namba. Mtawarudisha nyumbani watu wenye afya na karatasi ya presha ambayo hawana. Tafuteni uwanja wa kanisa au msikiti baada ya ibada, au soko lenye kivuli na upande tulivu. Kibali cha Mganga Mkuu wa Wilaya ni lazima, na cha mwenye eneo pia.

Hesabu ya watu. Mtu apumzike dakika 5 kwenye kiti kabla hajafika kwenye mashine, asipumzikie mezani. Meza moja ikihudumia mtu kwa dakika 5, inamaliza 12 kwa saa. Mashine 4 kwa saa 5 ni watu 240, na hiyo ni kama hakuna anayekwama. Pangeni 200. Mnahitaji wauguzi 4 wa kupima, 2 wa kuandikisha na kulinda viti vya mapumziko, 2 wa ushauri na rufaa, na 1 wa kupokezana na wengine wakale. Viti vya mapumziko 8, vyote vyenye mgongo. Mabenchi hayafai, mgongo unatakiwa kuegemea.

Mikanda ya mkononi: soma namba iliyoandikwa juu yake. Ya kawaida nyingi ni sentimita 22 hadi 32, kubwa 32 hadi 42. Nunueni futi ya fundi cherehani mpime mkono kabla ya kufunga. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaongeza namba, na huu ndio uongo mkubwa kuliko wote kwenye mahema ya upimaji. Katika mashine 4, angalau 2 ziwe na mkanda mkubwa. Betri za akiba seti 2 kwa kila mashine.

Namna ya kupima: miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono umelala mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati, kimya kwa anayepima na anayepimwa. Kama kipimo cha kwanza kiko chini ya 130/85, mwongozo wa mwaka 2020 wa Jumuiya ya Kimataifa ya Shinikizo la Damu unaruhusu kuishia hapo. Kikiwa juu, pimeni mara 3 kwa kuachanisha dakika 1, na wastani wa viwili vya mwisho ndio uandikwe. Hii inaokoa muda sana, wengi mtawapima mara moja tu.

Kuanzia 140/90, rufaa ya kliniki ili apimwe tena siku nyingine. Msimwambie kuwa ana ugonjwa. Kuanzia 180/110, apumzike, apimwe tena, na kama imebaki hivyo aonwe na daktari siku hiyohiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu upande mmoja, kuchanganyikiwa au macho kupoteza nuru, huyo ni dharura na gari liwe limeshapangwa. Na tafadhali, asiwepo mtu wa kumwekea nifedipini chini ya ulimi ili namba ishuke hapo hapo. Presha ikiporomoka ghafla, ubongo na moyo vinakosa damu, na mgonjwa aliyekuja akitembea anaweza kuondoka na kiharusi.

Kabla ya kutangaza siku, nendeni kliniki zitakazopokea rufaa mkaulize: wiki ijayo mnaweza kupokea wangapi wapya? Kama jibu ni 20, msipime 240. Karatasi ya rufaa iandikwe tarehe, jina la kliniki na namba zake za presha, na nakala ibaki kwenu. Baada ya siku 14 hesabuni wangapi walifika. Namba hiyo ndiyo ya kuandika kwenye taarifa. Idadi ya waliopimwa haimwambii mtu kama kuna aliyesaidiwa.

Wadhamini: pokeeni, lakini kwa maandishi. Mada na mwalimu mnachagua ninyi, dawa zitajwe kwa jina la kitaalamu na si la kibiashara, mwakilishi wa kampuni asifundishe, na orodha ya wanachama au wagonjwa haitoki. Mkipewa mashine za presha, angalieni kama aina hiyo imethibitishwa usahihi wake kitaalamu. Kipima sukari cha bure kikataeni kama vijiti vyake havipatikani madukani mkoani kwenu. Vijiti 50 vya zawadi vikiisha mashine inakuwa pambo.

---

Sista_Ziwa

Asanteni sana wapendwa, nimechapisha kila kitu. Stendi tumeshaifuta, nadhani tutaomba uwanja wa parokia. Swali moja: mlezi wetu anataka tawi lionyeshe kwamba linabadilisha kitu kwa wagonjwa, si mahudhurio tu. Tuchague kipimo gani tunachokimudu wauguzi wenyewe bila kusubiri madaktari au mashine ya eko (ultrasound ya moyo)?

---

Kliniki_Valvu

Dada, chagueni sindano za benzathini (penisilini inayokaa muda mrefu mwilini) kwa wagonjwa wa moyo wa rumatiki (ambao valvu, yaani milango ya moyo, zimeharibiwa na homa ya rumatiki). Huduma hiyo ni ya muuguzi mwanzo hadi mwisho, na wagonjwa wengi ni vijana.

Chukueni daftari la kliniki, orodhesheni wote waliopangiwa sindano za kinga. Anayechoma kila baada ya siku 28 anatakiwa kupata sindano 13 kwa mwaka. Lengo linalotumika ni asilimia 80, kwa hiyo 11 au zaidi. Hesabuni wangapi walifikia 11 katika miezi 12 iliyopita. Hapo mna mahali pa kuanzia, na baada ya mwaka mnahesabu tena.

Mtakutana na mtego wa neno "kila mwezi". Mgonjwa aliyeambiwa hivyo anarudi tarehe ileile ya mwezi, anapata sindano 12, na karibu kila mara anakaa siku 30 au 31. Dawa mwilini inakuwa imeshuka siku za mwisho. Mwandikieni tarehe kamili, na ichaguliwe siku ya wiki: aliyechoma Jumanne atarudi Jumanne ya wiki ya nne. Siku 28 daima huangukia siku ileile, mama hawezi kuisahau.

Sababu nyingine ya kupotea ni maumivu. Dawa ya unga ichanganywe na kuchomwa mara moja, ikikaa inaganda na kuziba sindano, halafu mtoto anachomwa mara mbili. Sindano ya geji 21 hupitisha vizuri. Chupa isiwe na baridi ya friji. Sukuma taratibu, dakika 2 hadi 3, na mkandamize mahali pa kuchoma kwa kidole gumba sekunde 10 kabla. Lignokaini (dawa ya ganzi) itumike kama mwongozo wa hospitali unaruhusu.

Halafu usalama. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tahadhari kwamba wagonjwa wenye valvu zilizobana sana au moyo dhaifu wanaweza kuanguka na hata kufariki muda mfupi baada ya sindano, na kwamba mara nyingi chanzo kinaelekea kuwa moyo wenyewe kushindwa kuhimili mshtuko wa maumivu na presha kushuka, si mzio wa penisilini. Kwa hao, daktari afikirie vidonge. Kwa wengine wote: wawe wamekula na kunywa maji, wachomwe wamelala, wabaki wakiangaliwa, na adrenalini iwe chumbani, si kwenye kabati lililofungwa upande wa pili wa jengo.

---

Katibu_Tawi

Kabla hamjaanza kuhesabu hao wagonjwa: majina yasipite kwenye WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, picha ya ECG yenye jina la mtu kwenye kundi la watu 34 ni siri iliyovuja. Kila kliniki ibaki na daftari lake, tawi lipokee namba tu: waliosajiliwa, waliofikia 11, waliopotea. ECG ya kufundishia ikatwe jina, namba ya faili na tarehe kabla ya kupigwa picha. Ukipiga picha kwanza ukafuta baadaye, nakala imeshabaki kwenye simu.

Na Sista, barua pepe ya tawi ifunguliwe leo, kwa jina la tawi, neno la siri wawe nalo watu wawili. Barua za vibali, katiba, orodha na taarifa za fedha zote ziingie humo. Nakala ya karatasi iwe kwenye faili la boksi, likae ofisi ya mlezi. Mtu akihamishiwa Kigoma wiki ijayo, aondoke na begi lake tu.